Mstari wa Mzee Lukwele

Haya ninayowaandikia sikusimuliwa. Nilikuwepo mwenyewe, na macho yangu haya mawili, juu ya ngazi, nikipaka rangi dari ya ofisi moja pale Morogoro. Mtu anayepaka dari husahaulika upesi, na watu humwaga siri zao chini ya miguu yake. Shule niliishia darasa la sita, kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha. Basi tulieni, wakubwa kwa wadogo, maana mwisho wa yote hukumu nitawatwisha nyinyi.

Ofisi hiyo, jina nalificha, ilitunza mafaili ya wagonjwa kwenye kompyuta. Ukipimwa leo zahanati ya huku, wiki ijayo muuguzi wa kule anafungua mashine na kukuta damu yako, mzio wako, na dawa zilizotaka kukuua. Zahanati zilizojiunga zilikuwa nyingi; hospitali kubwa bado, huko mgonjwa alikwenda na karatasi mkononi.

Walikuwamo watu watatu wenye vipaji.

Mwanaidi Kobelo alikusanya taarifa za wiki. Kila mfanyakazi aliandika mistari mitatu: Nimefanya, Nitafanya, Nimekwama, na Jumatatu saa mbili wote walisimama Mwanaidi akazisoma kwa sauti. Kipaji chake kilikuwa sikio. Ungefuta majina yote, angekwambia huu umeandikwa na nani, na kama aliuandika kwa hasira au kwa njaa.

Pendael Mrutu alikuwa fundi wa mfumo, Mpare mwembamba asiyependa kuongea. Kipaji chake kilikuwa subira. Mafaili yakichanganyika kama uzi uliochezewa na paka, yeye alikaa nayo mpaka kila uzi ukarudi mahali pake.

Kassian Ngonyani alikuwa dereva. Kipaji chake kilikuwa kufika. Mwambie tu, "Kuna mama mmoja anauza maandazi huko juu," bila jina la mtaa, na kabla chai haijapoa atakuwa anakula maandazi yenyewe.

Na alikuwepo wa nne, Mzee Dominiki Lukwele, aliyekuwa akifunga mafaili ya marehemu. Huyu alifariki Ijumaa moja, moyo ulimsimama akiwa anafunga kamba za viatu. Walimzika, wakarudi kazini, na Mwanaidi akakataa kufuta jina lake kwenye jedwali la taarifa.

"Mpaka arobaini ipite," alimwambia meneja wao, Bwana Mhando. "Nyumbani kwake hawajaondoa hata viatu vyake mlangoni, sisi tumfute kwa kidole?"

Wakakubaliana kwamba akifika kwenye jina la mzee, Mwanaidi atanyamaza kwa muda wa pumzi moja, kisha aendelee.

Jumatatu ya kwanza alinyamaza, akaendelea.

Jumatatu ya pili alifungua jedwali, na mstari wa Mzee Lukwele haukuwa mtupu. Chini ya Nimefanya palikuwa na maneno mawili: bado namtafuta.

Mhando aliona ni mzaha wa mtu asiye na adabu. Alimwagiza Pendael afunge akaunti ya marehemu, na Pendael aliifunga mbele ya wote, kila mmoja akiona. Kompyuta ya mzee yenyewe ilikuwa stoo, haina waya, imefunikwa kwa kanga kuukuu ya yule mama anayefagia.

Jumatatu ya tatu: nimemwona kwa mbali, anatembea polepole.

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Kassian alitoka kwenda kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo. Mwanaidi akasikia harufu ya ugoro, ugoro uleule wa mzee, ukitoka kwenye kiti alichokuwa akikalia, na madirisha yote yalikuwa wazi. Mhando alimwita pembeni akamwambia kwa upole kwamba sasa afute jina, watu wanaogopa, arobaini itasomwa kanisani. Mwanaidi aliitika ndiyo. Hakufuta.

Tatizo lake lilikuwa hili: aliijua sauti ile. Pale ofisini, chini ya Nimekwama, kila mtu aliandika "hakuna," wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, maana nani anataka bosi ajue kwamba amekwama? Mzee Lukwele peke yake ndiye aliyejaza. Nimekwama, macho yananisumbua, samahanini. Nimekwama, majina yanafanana mno, samahanini. Yalisomwa kwa sauti kila Jumatatu, watu wakatabasamu, wakaketi bila kumsaidia. Hata yeye Mwanaidi aliketi. Hilo ndilo lililomnyima raha.

Jumatatu ya nne Mhando alisimama karibu naye kabisa, akamnong'oneza aruke jina lile. Mwanaidi alisoma taarifa za wengine mpaka akafika hapo. Akavuta pumzi moja, kama desturi. Kisha akasoma kwa sauti ileile ya siku zote:

"Mzee Lukwele. Nimefanya: nimempata. Nitafanya: nitakaa naye mpaka kesho asubuhi watakapompasua. Nimekwama: nilimfunga akiwa hai na mkono wangu haushiki tena, samahanini."

Mimi huko juu ya ngazi brashi ilinitoka. Chini hakuna aliyegeuka kuona rangi imemwagikia wapi.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Mwanaidi. "Kafunga faili la mtu ambaye hajafa," alisema. "Na mtu huyo anapasuliwa kesho."

Mhando akaanza kusema kwamba kampuni haiwezi kufanya kazi kwa maelekezo ya marehemu. Pendael hakumsubiri amalize. Alishakaa kwenye mashine yake.

Mwezi wake wa mwisho Mzee Lukwele alifunga mafaili mia mbili na kumi na mawili. Pendael aliyafungua moja moja. Hakunywa chai, hakujibu salamu. Mwanaidi alisimama nyuma yake akiona vifo vikipita kwenye kioo, cha mtoto, cha bibi, cha kijana wa pikipiki, na kila kimoja kilikuwa kifo cha kweli. Saa tano na robo Pendael aliinua kidole.

"Soma hapa, dada Mwanaidi. Huyu kafa kwa uzee."

Mwanaidi alisoma. Mwajuma Rajabu, amefariki kwa uzee. Chini yake, kwenye faili hilohilo: mimba ya pili, miezi sita.

Mnajua jinsi ilivyo kwetu. Mtu asiyejua siku aliyozaliwa, karani humwandikia tarehe mosi Julai, na nusu ya nchi ikawa imezaliwa siku moja. Zahanati ile ilikuwa na Mwajuma Rajabu wawili, wote wa mosi Julai: bibi wa miaka themanini na mama wa miaka thelathini. Bibi alikufa. Mzee Lukwele, na macho yake yanayomsumbua, akafunga la mama. Hivyo faili la marehemu lilikuwa wazi, na aliye hai alikuwa kaburini. Mama alipokwenda kliniki mashine ikasema amekufa. Muuguzi akacheka, akamfungulia faili jipya, jeupe, lisilo na neno.

Pendael alilifungua lile la zamani. Juu kabisa, kwa rangi nyekundu, pakatokea onyo: uzazi wa kwanza, sindano ya usingizi ilisimamisha moyo wake, alirudishwa kwa shida. Na jina la dawa. Asipewe tena.

Mwanaidi alipiga simu zahanati. Muuguzi alisema ndiyo, Mwajuma ana rufaa ya kupasuliwa kesho, ila karatasi aliyompa ilitoka kwenye faili jipya. Kuhusu ile sindano, mama mwenyewe alisema aliwahi kuzimia, jina la dawa halijui, basi yeye akaandika kizunguzungu. Hospitali gani? Muuguzi alisema zipo mbili, mgonjwa angechagua iliyo karibu, na bado hakuna iliyompokea. Simu ya mume haipatikani. Tangu Jumamosi mama amehamia kwa shangazi yake, huko juu milimani, nyuma ya mashine ya kusaga.

Mhando aliuliza mashine ipi. Muuguzi hakujua.

Kassian alikwisha chukua ufunguo. Mwanaidi akachapa karatasi yenye onyo, akapanda naye.

Ya huko juu peke yake ndiyo niliyosimuliwa, na Kassian mwenyewe: mashine za kusaga zilikuwa tatu, katika vijiji vitatu. Ya kwanza na ya pili Kassian alipita bila hata kupunguza mwendo. Mwanaidi alimuuliza kwa nini. Akajibu kwamba zile zinanguruma, zina wateja. Mama mjamzito anayetafuta usingizi hawezi kupelekwa kulala nyuma ya ngurumo. Ya tatu ilikuwa imeharibika tangu masika. Walisimama hapo saa nane na nusu, jua kali, kijiji kimya kama kimehamwa. Nyuma yake palikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, na bibi mmoja akipepeta mchele uani.

"Karibuni," bibi alisema, kabla hawajabisha hodi. "Nilijua mtakuja. Mwenzenu alishatangulia."

"Mwenzetu yupi, shangazi?" Mwanaidi aliuliza.

"Yule mzee mwenye jalada kwapani. Yuko hapo kibarazani tangu jana. Maji hataki, mkeka hataki. Nikimwuliza shida yake, ananiambia samahani."

Waligeuka wote wawili. Kibaraza kilikuwa kitupu. Kassian, mtu anayeendesha gari ukingoni mwa makorongo huku akipiga miluzi, alirudi nyuma hatua mbili akagusa mlango wa gari lake.

Mwajuma alitoka ndani akijishika kiuno. Hakuwa na habari yoyote. Walimpa karatasi, wakamweleza, wakampeleka hospitali jioni ileile. Daktari aliisoma, akaisoma tena, akaichukua ile sindano iliyokwisha andaliwa kwa ajili ya asubuhi akairudisha kabatini. Jumanne saa tatu alizaliwa mtoto wa kiume, na mama yake akamsikia akilia.

Sasa sikilizeni vizuri. Siku ya saba iliangukia Jumatatu. Saa mbili, watu wakiwa wamesimama tayari kwa taarifa, simu ya Mwanaidi iliita, naye akaiweka mezani wote wasikie. Alikuwa Mwajuma. Alisema mtoto anapewa jina leo, na yeye na mume wake wameapa litakuwa la mtu aliyemtoa mama yake kwenye orodha ya wafu. Moja tu. Hataki mtoto mwenye majina kama basi lenye abiria wengi.

Mhando alisema wazi kwamba ni Mwanaidi. Aliambiwa afute hakufuta, aliambiwa aruke hakuruka. Mtoto aitwe Idi. Kassian akasema sawa, lakini sikio bila Pendael lingebaki na maneno ya kutisha tu. Ni nani aliyemchomoa mama kati ya wafu mia mbili? Pendael akasema kwa sauti yake ndogo kwamba faili lilipofunguka mama bado alikuwa anakwenda kufa, mpaka Kassian alipofika. Shangazi akadakia huko kwenye simu kwamba Kassian ni jina gumu kidogo ila watalizoea.

Ndipo Mwanaidi aliposema, "Na Mzee Lukwele?"

"Ndiye aliyemfunga," Pendael alisema.

"Na ndiye aliyetuambia. Alipokuwa hai alituambia kila Jumatatu kwamba amekwama. Tuliketi."

"Mtoto abebe jina la mtu aliyetaka kumwua mama yake?"

"Au la mtu ambaye hata kifo hakikumpumzisha mpaka amemrudisha?"

Simuni mtoto alikuwa akinung'unika kwa njaa, na Mwajuma akauliza taratibu, "Haloo? Nimwite nani?"

Mwanaidi akawatazama wenzake mmoja mmoja. Nami namwacha hapo, mdomo wazi, simu mbele yake. Idi, Pendael, Kassian, au Dominiki? Wewe unayesoma, na nyinyi mnaosomewa, mngemjibu mama yule jina gani?

Kabla hamjagombana, nikiri jambo moja ili nilale vizuri. Ile harufu ya ugoro nimeitia mwenyewe, kukoleza. Yule mzee wa kibarazani sikumtia mimi.