Kamba Mikononi mwa Mundhiri

Imepokewa kutoka kwa wazee wetu waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika nchi ya milima palikuwa na vijiji viwili vilivyotenganishwa na korongo lenye mto mkali. Katika kijiji cha juu aliishi mja aliyeitwa Mundhiri, mtu wa swala na saumu, pamoja na mama yake, Bi Ramla. Katika kijiji cha chini aliishi Harithi, mwashi wa mawe.

Baina ya wawili hawa palikuwa na damu. Mwaka wa ukame watu waligombania maji ya mfereji, na Harithi, katika ghadhabu, akampiga Yasari, mdogo wake Mundhiri, kwa mpini wa jembe. Yasari akafa. Kadhi akahukumu kwamba haikuwa kusudi, na Bi Ramla akasamehe mbele ya watu. Mundhiri naye akatamka msamaha, lakini haukumshuka moyoni. Tangu siku hiyo hakutia mguu ng'ambo, na kila aliposujudu, uso wa Harithi ulimjia.

Ikawa masika moja mwanamke wa kijiji cha juu akashikwa na uchungu. Mkunga alikuwa ng'ambo, na mto umefura. Mkunga akasimama ukingoni akilia, asiweze kuvuka, hata yule mama akafariki na mwanawe tumboni. Baada ya mazishi vijiji vyote viwili vikakubaliana kujenga daraja.

Kiangazi kilipoingia, kazi ikaanza. Wanaume walichonga mawe na kukokota magogo kutoka msituni. Wanawake walibeba chokaa vichwani na kuwapikia wote chungu kimoja. Mundhiri alifanya kazi kwa bidii, ila Harithi alipokaribia, yeye alihamia upande mwingine.

Likabaki gogo kuu. Lilikwisha kulazwa juu ya korongo, lakini ilibidi mtu ateremshwe chini yake akalikaze kwa kabari, la sivyo lingeteleza. Harithi akajitolea. Akafungwa kamba kiunoni, na wanaume wawili wa kijiji chake wakaishika. Mundhiri aliitwa awe wa tatu, nyuma yao, na aliona haya kukataa mbele ya watu.

Harithi alipokuwa akining'inia juu ya maji, jiwe la ukingoni likameguka. Wale wawili wa mbele wakaanguka mwambani, mmoja akavunjika mguu na mwingine akazirai. Mundhiri akavutwa hata magoti yake yakagota kwenye mwamba, na uzito wote ukawa mikononi mwake. Watu wengine walikuwa mbali, kwenye mlundo wa mawe.

Harithi akainua macho. "Ni nani aliyeshika?"

"Ni mimi," akajibu Mundhiri.

Harithi akasema kwa sauti ya chini, "Kabari haijaingia sawasawa. Niache niimalize, watu wapate daraja lao. Baada ya hapo, hukumu ni yako."

Mundhiri akahisi vidole vyake vinalegea. Alimwona Yasari akiwa kwenye tope la mfereji. Alijua kwamba akiachia, kila mtu angesema ni ajali, na hapana ambaye angemlaumu. Akafumba macho, akasema, "Ee Mola, nilisema nimesamehe, nawe wajua kwamba nilisema uongo. Nisaidie leo iwe kweli." Kisha akaizungusha kamba kwenye mikono yake.

"Piga kabari yako, Harithi," akasema. "Kamba ninayo."

Nyundo ikagonga, ikagonga tena. Kamba ilichuna ngozi ya viganja vyake, na damu ikatiririka hadi kwenye viwiko, lakini hakulegeza mpaka watu walipofika mbio wakamvuta Harithi juu.

Harithi akamwinamia. "Mungu akulipe, ndugu yangu."

"Usinishukuru," Mundhiri akajibu. "Nilitaka kukuachia."

"Najua. Niliihisi kamba inalegea," akasema Harithi. "Ndiyo maana nakushukuru."

Mundhiri akalia, naye hakuwa amelia hata siku ya maziko. Bi Ramla akaja, akararua kitambaa cha mtandio wake, akaifunga mikono ya mwanawe. Alipokwisha, akageuka akaviangalia viganja vya Harithi, navyo vilikuwa vimepasuka kwa kupiga nyundo. Akavifunga pia kwa kitambaa kilekile.

Daraja likakamilika kabla ya mvua, na wakunga wakavuka masika na kiangazi.

Enyi ndugu, wako wanaodhani kwamba mwenye subira ni yule asiyeghadhibika. Mundhiri alighadhibika, na moyo wake ulikuwa ukichemka wakati mikono yake imeshika. Mwenyezi Mungu hakumtaka asiwe na uchungu. Alimtaka asiachie kamba. Na kila mmoja wetu amepewa ya kwake ya kushika. Tumwombe Mola atutie nguvu viganjani, na moyo utafuata kwa rehema Yake.