Bondia Aliyenyamaza

Hapo zamani za sheria mbaya, huko Australia, palikuwa na Mwaborijini mmoja, mwenyeji wa asili wa nchi ile, jina lake Mervin. Ngumi alizijua kwelikweli. Wakamletea mrefu, akamlaza. Wakamletea mnene, akamlaza. Ikabaki mechi moja tu awe bingwa wa nchi nzima.

Lakini mwenyeji hakuruhusiwa kuishi mjini bila cheti, na cheti kilikuwa na sharti: awaache ndugu zake. Akionekana nao ananyang'anywa, na bila cheti hapandi ulingoni. Mervin akakubali. Alisema, "Nikishakuwa bingwa, nani atanizuia kumchukua mama?"

Naye alikuwa na mama wawili: Ivy aliyemzaa, na Dulcie, mdogo wake Ivy, aliyemlea. Kwa watu wale, kama kwetu, mama mdogo ni mama.

Siku moja, kabla ya mechi ile, Mervin akapelekwa mji wa kwao kutembezwa mitaani watu wamshangilie, tarumbeta zinalia. Mama zake wakatoka kwa miguu kambini, nje ya mji walikowekwa wenyeji wasio na cheti, ili wamwone. Ivy alipomfikia akasahau sheria yote, akamgusa pua iliyovunjika.

"Mwanangu, nani kakuumiza hivi?"

Polisi akasogea. "Bondia, unamjua mwanamke huyu?"

Mervin akatazama viatu vyake. Kimya.

Ivy akaona mtoto anaangamia. "Hanijui, bwana. Nami simjui. Nimemfananisha tu."

Watu wakamcheka, mama mtu mzima! Dulcie akashindwa kuvumilia.

"Dada! Uchungu uliupata wewe, mgongoni nilimbeba mimi, leo tumwache asimame kama yatima? Huyu ni mtoto wetu!"

Cheti kikachukuliwa palepale. Mkanda wa ubingwa akaja kuvaa mwingine.

Jioni wakaketi watatu kambini, hakuna anayemtazama mwenzake. Ilikuwa aibu, jamani, hata mimi ninayesimulia nainamisha uso.

Mervin alisema moyoni: "Nimeangusha majitu, nikashindwa kutamka neno 'mama'."

Ivy moyoni: "Nimemkana niliyemzaa, tena mbele yake."

Dulcie moyoni: "Nimesema kweli, na kweli yangu imemvunja."

Chakula kikapoa. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Msiniambie ni yule polisi! Yule hana haya; alikula, akashiba, akalala. Nauliza hawa wenye haya: aliyenyamaza, aliyekana, na aliyesema kweli. Je, nani kati yao alistahili kuwa wa kwanza kusema, "Nisamehe"?