Gombo Lisilo na Jina

Inasimuliwa kwamba zamani, katika milima ya Yemeni, aliishi Myahudi mcha Mungu aliyeitwa Yihya. Kazi yake ilikuwa kunakili maandiko matakatifu juu ya ngozi. Mwaka huo unyevu uliharibu gombo la malkia yatima aliyewaokoa watu wake, nao watu wa sinagogi wakamwomba Yihya aandike jingine kabla ya sikukuu yao, siku ambayo gombo hilo husomwa mbele ya wote.

Yihya alikuwa amechoka. Mkewe, Shama, alikuwa na homa tangu ajifungue, na mtoto wao, Badra, alikuwa mwenye kulia sana. Baba alimbeba, akambembeleza, kisha akarudi kuandika. Kila asubuhi aliukuta mtungi wa mlangoni umejaa maji, wala hakuwa na nguvu za kuuliza ni nani aliyeujaza.

Ilikuwa desturi ya wanakili kwamba wakifikia Jina la Mwenyezi Mungu huweka kalamu chini, hunawa mikono, hutia nia, ndipo huliandika. Kwa Yihya, kituo hicho kilikuwa ibada na pumziko pia. Lakini gombo hili halina Jina hilo hata mara moja.

"Leo siku ya sita sijanawa mikono," alimwambia mkewe. "Jina halimo."

"Na humu ndani mwetu, baba Badra, limo?" Shama alijibu akiwa amefumba macho. "Mchukue mwanao, kalowa tena."

Siku hiyo, katika kunakili, alifika pale kisa kinaposema mfalme alikosa usingizi. Macho ya Yihya yalisinzia, mkono ukaendelea. Alipozinduka aliona kwamba mahali pa neno "mfalme" ameandika Jina la Mola.

Sheria yao hairuhusu kulifuta Jina likishaandikwa. Ngozi ile, mojawapo ya ngozi nne za gombo, haina budi kuwekwa kando, izikwe kwa heshima. Ngozi nyingine hakuwa nayo. Kuitengeneza huchukua majuma, na sikukuu ilibakiza siku nne. Kisu cha kukwangulia makosa kilikuwa hapo karibu na wino. Akikwangua kidogo tu, hakuna ambaye angejua.

Alikishika. Akakaa nacho mpaka mtoto akalia. Ndipo akakiweka, akamlaza mtoto kifuani kwa mamaye, akaikunja ngozi na kwenda kwa Mori Saadya, mwalimu wao.

"Nimeharibu, Mori. Sikukuu itafika hatuna cha kusoma. Waambie watu kosa ni langu."

Mzee akaitazama ngozi. "Kisu chako kilikuwa butu?"

"Kilikuwa kikali, Mori."

Mori akaikunja ngozi. Kisha akamwita Harun, fundi wa ngozi, aliyekuwa ameketi nje barazani. "Ile ngozi uliyokosea hesabu, bado unayo?"

"Mnataka kunicheka tena?" Harun akasema. "Mliniagiza nne nikatengeneza tano. Tangu mavuno mke wangu ananiuliza nitaivaa lini."

"Kailete, mwanangu."

Yihya aliporudi nyumbani na ile ngozi ya tano, alimkuta mke wa Harun ameinama mlangoni, akimimina maji mtungini. Mwanamke yule akaona haya.

"Kumbe ni wewe, dada?"

"Usinisimamishe, kaka. Kaandike."

Akaandika. Alipofika tena pale mfalme alipokosa usingizi, aliweka kalamu chini, akateka maji ya mtungi ule, akanawa mikono taratibu. Kisha akaandika "mfalme", kama inavyopasa.

Shama alikuwa ameketi kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, mtoto yuko mapajani. "Umelikuta Jina?" akauliza.

"Halimo," Yihya akasema. "Lakini nimenawa."

Ngozi ile ya tano ilichekwa tangu mavuno, na muda wote huo ilikuwa tayari. Mola atujalie, siku ambazo tumechoka hata kuomba, tuangalie ni nani aliyetujazia mtungi.