Kwa Nini Mtandao wa Kiboko Ulikuwa Ukizimia

Paukwa!

*Pakawa!*

Mtandao unasoma?

*Unasoma!*

Na sasa je?

*Unazunguka!*

Basi uacheni uzunguke. Sogeeni huku, ninyi mliong'ang'ania simu kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Ngano haili bando.

Palikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua: mfupi, hana mkia, hana pembe, hana mjomba serikalini. Alichokuwa nacho ni degree. Degree yenyewe second class upper, imo ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro, anailalia isije ikakunjamana. Alituma maombi ya kazi kila mahali penye anwani. Huku wakasema, lete experience. Kule wakasema, lete experience. Ukiuliza experience inapatikana wapi, unaambiwa kazini. Ukiuliza kazi iko wapi, unaulizwa experience iko wapi. Shenzi kabisa!

Pimbi alipanga chumba cha uani nyumbani kwa Kiboko, pale Matopeni. Na Kiboko ndugu zangu alikuwa na tumbo ambalo likitangulia mlangoni, mwenyewe anafika baadaye. Akiamka, anakula. Akimaliza kula, anakula. Kabla ya kulala anakula tena ili asiote njaa.

Kiboko hakuwa mtu wa kuficha mali. Friji aliiweka sebuleni. Televisheni, sebuleni. Maikrowevu ya kupashia chakula, aliyoletewa na shemeji yake kutoka ng'ambo, nayo sebuleni, juu ya kabati la vioo. Ikikaa jikoni wageni wataionaje? Na ubavuni mwa maikrowevu, wamegusana kama watoto wa tumbo moja, ilikaa rauta, kile kidubwasha kinachogawa intaneti. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, taa zake zikikonyeza chini ya kitambaa kama bibi harusi asiye na adabu.

Intaneti hiyo ilikuwa ya nyumba nzima, ndivyo wapangaji walivyoahidiwa siku ya kuhamia. Lakini ilikuwa intaneti ya kuzimia. Inakuja, pwaa! Inakwenda, fyuu! Inakuja, pwaa! Inakwenda, fyuu!

Siku hiyo ikaja, pwaa, na barua pepe ndani yake. Shirika la Mabwawa limemwita Pimbi kwenye usaili! Kwa video, Ijumaa mchana. Na chini kabisa, kwa herufi za kukaripia: *Candidates must ensure a stable connection.* Maana yake, ukikatika tu, umejiondoa mwenyewe.

Pimbi akaruka juu ya kitanda kwa furaha, chaga zikalia kwa! kwa! kwa! Halafu akakumbuka intaneti ni ya nani. Akashuka taratibu.

Simu yake chumbani humo haishiki hata kijiti kimoja, na bando lenyewe lilikufa zamani. Hakuna njia nyingine. Akaenda kwa mwenye nyumba.

"Hodi hapa! Shikamoo mzee."

"Marahaba msomi. Usiniambie umekuja wakati wa chakula kwa bahati mbaya."

"Hapana mzee, nimekuja kwa ajili ya mtandao. Unazimia."

"Unazimia kwa sababu yenu!" Kiboko akanguruma na mdomo umejaa. "Mnaunyonya! Wewe, na yule Kanga anayepiga picha keki zake mchana kutwa kama keki zinatafuta mchumba. Nilimwita fundi wa kampuni, Kunguru. Akaangalia juu, akaangalia chini, akasema kwao inasoma vizuri. Akaondoka na paja langu la kuku."

"Mzee, nikiuponya huo mtandao, Ijumaa uniachie nifanyie usaili. Nina usaili wa kazi, mzee."

"Ukiuponya, ufanye. Usipouponya, nabadilisha paswedi, na ninyi nyote mtabaki kuangalia picha mlizokwisha kuziangalia."

Pimbi akakunja mikono ya shati. Akaifunua rauta.

"Hee! Unaivua mbele za watu?" akasema Kiboko.

"Inapumua, mzee. Ilikuwa inachemka humo."

Akaizima, akangoja, akaiwasha. Mtandao ukasoma. Pimbi akatabasamu.

"Napasha kidogo tu," akasema Kiboko, akasukuma sahani ya pilau ndani ya maikrowevu.

*Vuuuuuuu!*

Mtandao ukazunguka.

*Ting!*

Mtandao ukasoma.

Pimbi akakuna kichwa. Labda soketi. Akahamisha plagi, akaikandamiza mpaka mwisho. Mtandao ukasoma.

"Napasha kidogo tu," akasema Kiboko.

*Vuuuuuuu!*

Mtandao ukazunguka.

*Ting!*

Mtandao ukasoma.

Labda waya. Pimbi akachukua waya, akachomeka kichwa kimoja kwenye rauta na kingine kwenye laptop yake, ile iliyofungwa gundi ya karatasi kwenye bawaba. Simu akaiweka pembeni, bila waya. Laptop ikasoma. Simu ikasoma.

"Napasha kidogo tu."

*Vuuuuuuu!*

Simu ikazunguka. Laptop yenye waya ikasoma, wala haikutikisika!

*Ting!*

Masharubu ya Pimbi yakasimama. Kumbe intaneti inafika salama mpaka kwenye rauta. Inafia hewani, kati ya rauta na simu! Na hewani humo kuna nini? Kuna harufu ya pilau, na kuna *vuuuuuuu*. Maikrowevu na rauta wanapita njia moja ya hewani, ila mmoja ananong'ona na mwingine anapiga kelele. Ni kama kumpa mtu umbea mbele ya spika ya harusi.

"Mzee, nimeupata ugonjwa," akasema Pimbi. "Ni maikrowevu. Kila ukipasha, inaifunika rauta. Ihamishie jikoni, mtandao hautazimia tena."

Kiboko akaacha kutafuna. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Jikoni?"

"Jikoni mzee."

"Chombo cha ng'ambo kikakae na masizi? Wakwe zangu wanakuja Ijumaa hiyo hiyo, nitawaonyesha nini, ukuta? Degree gani hiyo inayogombana na chakula? Mimi nife njaa ili wewe upate kazi?"

"Basi tuihamishe rauta, mzee. Hata kwenye kona ile. Au niachie tu waya niuvute mpaka chumbani kwangu."

"Rauta ni ya kwangu, kabati ni la kwangu, kona ni ya kwangu, na waya ni wa kwangu. Hujaponya kitu! Ijumaa maikrowevu itanguruma tangu asubuhi mpaka wakwe waombe kupumzika. Na kesho jioni nabadilisha paswedi. Toka, unanipozea chakula."

Pimbi akatoka. Uani alimkuta Kanga akipaka keki krimu, manyoya yamejaa sukari ya unga.

"Vipi mdogo wangu, mbona umenuna hivyo?"

"Nimeupata ugonjwa dada. Nimemwambia ukweli, kanifukuza."

"Ukweli! Yaani umekaa chuo miaka yote hiyo, ukarudi na ukweli?" Kanga akacheka mpaka krimu ikaruka. "Mie ananitishia paswedi, na wateja wangu wote wako kwenye simu. Akituondoa, hizi keki nitazila na nani?"

Pimbi akakaa chini. Akaitazama keki. Akalitazama dirisha la Kiboko. *Vuuuuuuu*, likasema dirisha. *Ting!* Ukasikika mlio wa kijiko, halafu sauti ya Kiboko ikilalamika peke yake: "Mbona nakula sishibi?"

Pimbi akasimama wima.

"Dada Kanga, kesho ukisikia vuuuu, njoo ukae mlangoni kwake. Lamba mdomo. Akikuuliza umekula nini, sema hujala."

"Na kweli sijala."

"Basi hutasema hata uongo."

Kesho yake Pimbi akaingia sebuleni akiwa na uso wa msibani.

"Shikamoo mzee. Pole mzee. Pole sana."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Hebu niambie mzee, bila kunificha. Huwa unashiba?"

Kiboko akaweka kijiko chini. Akaangalia huku na huku. "Kusema kweli kijana, tangu nifunge huu mtandao sijawahi kushiba."

Na kabla ya mtandao pia hakuwahi kushiba, lakini nani angemkumbusha?

"Nilijua," akasema Pimbi, akatikisa kichwa. "Jana nilikuambia nusu tu, kwa kukuhurumia. Pasha hicho ulichonacho."

*Vuuuuuuu!*

"Tazama simu, mzee. Mtandao uko wapi?"

"Umezimia."

"Haujazimia mzee. Umekwenda kula."

Macho ya Kiboko yakamtoka.

*Ting!*

"Haya, umerudi. Umeshiba. Sasa toa sahani."

Kiboko akatoa sahani. Wali umekauka pembeni, umesinyaa. Kipande cha nyama kimejikunja kama sikio la mbuzi.

"Nyama hii ilikuwa kubwa!" akapiga kelele. "Naapa ilikuwa kubwa! Imekwenda wapi?"

"Intaneti inapeleka picha mpaka ng'ambo, mzee. Unafikiri pilau itaishinda? Inainyonya hapa, inaigawa kwa kila aliyeunganishwa. Fungua mlango ujionee."

Kiboko akafungua mlango. Kanga ameketi kizingitini, anajilamba mdomo, analamba huku, analamba huku. Akabeua: *beeee!*

"Kanga! Umekula nini?"

"Sijala kitu baba, tangu asubuhi. Ila nashangaa, nasikia pilau mdomoni." Akalamba tena, akafikiri. "Iliki imezidi kidogo."

"Iliki!" Kiboko akashika ukuta. "Mke wangu huzidisha iliki! Amejuaje huyu? Amejuaje?"

Sasa hapo Kanga alikuwa amekwenda mbali kuliko walivyopatana, na nyumba nzima ilikuwa inanuka iliki tangu alfajiri, yeyote mwenye pua angejua. Lakini Pimbi hakumkonyeza. Alitazama chini kama mtu aliyefiwa.

"Kumbe nalisha wapangaji!" Kiboko akalia, machozi yakadondoka kwenye mchuzi. "Bure! Pilau yangu! Maini yangu ya Jumapili! Nakata huu mtandao leo hii, naung'oa na waya wake, nautupa mtoni!"

Hapo mambo yakamharibikia Pimbi. Maana akiukata, usaili umekwenda mtoni pamoja nao.

"Ukate tu mzee," akasema taratibu. "Na mpira wa Jumamosi, unaoletwa na mtandao huo huo kwenye televisheni yako, tutasimuliwa."

Kiboko akakaa chini. Kiti kikalia *ngrii*.

"Sasa nifanyeje baba?"

Mnasikia? Jana alikuwa msomi wa kufukuzwa, leo amekuwa baba.

"Televisheni tuichomeke waya, mzee. Waya ni mwembamba, mchuzi haupiti. Lakini rauta yenyewe isilale humu. Ikakae mbali, ng'ambo ya uani, kwa mtu asiye na chakula kabisa."

"Nani hana chakula kabisa?"

"Mzee, mimi ni graduate."

Kiboko alimtazama kuanzia masharubu mpaka kucha, akaona ni kweli tupu. Hakungoja hata kuvaa viatu. Aliibeba rauta mwenyewe, ameinyoosha mbali na tumbo lake kama mtu aliyeshika nyoka. Pimbi nyuma anavuta waya. Wakavuka uani, wakaingia chumba cha Pimbi, wakaiweka kwenye kigoda karibu na mto. Waya mmoja wakaurudisha sebuleni, ukaingia kwenye televisheni.

"Usilete hata karanga humu," akasema Kiboko akitweta. "Naomba sana."

"Karanga nitaitoa wapi, mzee?"

"Na paswedi badilisha wewe. Mimi sitaki hata kuijua, isije ikanifuata."

Ijumaa ikafika. Wakwe wakafika. Maikrowevu ikaanza, *vuuuuuuu, ting! Vuuuuuuu, ting!* Chumbani kwa Pimbi mtandao umesimama kama mlingoti. Pimbi juu amevaa shati na tai ya kuazima, chini amevaa bukta. Kwenye kioo wametokea Korongo na Tai, wamevaa miwani, wamekunja nyuso za watu waliokwisha kula posho.

"Tell us," akasema Korongo kwa Kiingereza cha puani, "about a time you handled a difficult stakeholder." Yaani, ulimwezaje mhusika mgumu?

Kooni mwa Pimbi ukweli ulisogea. Akaumeza, ukashuka.

"Certainly, madam. I led a senior property owner through the voluntary relocation of critical infrastructure. There was strong community engagement. The client reports much higher satisfaction after meals." Kwa Kiswahili: mwenye nyumba aliihamisha rauta kwa hiari yake, jirani akashiriki, na mteja akila anaridhika.

Tai akaandika. Korongo akaandika. "Na experience?" Tai akauliza.

"Kwenye sekta ya vyakula na mawasiliano, sir. Kwa pamoja."

"Impressive," wakasema wote wawili. Jumatatu akaitwa kazini.

Na Kiboko? Kiboko tangu siku hiyo anashiba! Anakula sahani zile zile, ila sasa anajipigapiga tumbo na kusema, "Mnaona? Kilikuwa kile kidudu." Akapita mtaa mzima akiwaonya majirani. Nyati akaitoa rauta yake nje. Kifaru akaizika ya kwake shambani. Ngiri, mwenye shahada mbili za sayansi, alitaka kubisha, akamwona Kiboko ana nyumba ya vigae, akaenda kutafuta koleo la kuchimbia shimo. Mwenye nyumba akisema, nani atabisha?

Ngano yangu imefika kikomo, imekata yenyewe, wala msipige simu kwa kampuni. Ikiwa tamu, rambeni vidole. Ikiwa haina chumvi, kaulizeni jirani, huenda imemfikia yeye.

Na funzo lake ni hili, watoto wazuri: semeni ukweli daima, waheshimuni wenye nyumba, someni kwa bidii, na ajira zitawajia zenyewe mpaka mlangoni, zikipiga hodi na kusema shikamoo.

Nyie mnaocheka kule nyuma, mna experience?