Mlinzi wa Lango na Beseni la Baraka

Niwape ngano?
— Tupe!
Ina mifupa.
— Tutaiguguna!
Basi sogeeni, msikanyagane.

Hapo kale, kale ya mvua zisizo na adabu, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwamboza, na mlinzi wa lango lake aliitwa Mhina. Masika yakashuka. Mto ukafurika, vyoo vikafurika, visima navyo vikafurika. Kisha habari ikaja: kipindupindu kimefika vijiji vya bondeni.

Mzee Semboja, mkubwa wa kijiji, akasema, "Mhina, chukua mkuki. Mgonjwa asipite. Mgeni asipite. Hata kuku wa watu asipite."

Mhina akasimama langoni na wenzake wawili, Kilua na Shebughe. Hakupita mgonjwa. Hakupita mgeni. Kuku mmoja alijaribu, akarudishwa.

Siku ya kwanza, mke wa Kilua akaanza kuharisha. Siku ya pili, watoto wa Shebughe. Siku ya tatu, Mboni, mke wa Mhina mwenyewe, akaanguka mlangoni, macho yameingia ndani.

Mhina hakuelewa. Akauzunguka uzio wa miiba mara tatu, asione tundu. Akatazama juu: kimepita angani? Akatazama chini: kimechimba? Akamtazama yule kuku, na kuku akamtazama yeye. Msicheke! Ninyi mngemtazama nani?

"Kimepitia wapi, mlinzi?" akauliza Mzee Semboja.

"Sijui, babu."

"Ulilala?"

"Sikulala."

"Basi kuna aliyekiita, na nyumba yako mlinzi ndiyo inayotutia shaka. Tukishakula mchana huu, Mboni atatolewa nje ya lango."

"Na mvua hii, babu? Hata kusimama hawezi!"

"Nionyeshe basi kilikopitia."

Mhina akaenda nyumbani. Akamsafisha mkewe. Akamnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Miguu ya Mboni ilikuwa imekakamaa, akatwanga manjano akaisugua, huku akijiuliza, kimepitia wapi? Alipoitwa chakulani, akajifuta mikono kwenye shuka, akaenda.

Sasa sikieni desturi ya Kwamboza. Wanaume walinawa katika beseni moja, maji yaleyale, mkubwa kwanza, mdogo mwisho. Maji aliyonawia mzee hayakumwagwa mpaka wote wanawe. Waliyaita baraka.

Siku hiyo Mzee Semboja, ambaye hakuwa mtu mbaya, akalisukuma beseni kwa Mhina. "Anza wewe, mwanangu. Una mzigo mzito."

Mhina akanawa. Kilua akanawa. Shebughe akanawa. Mzee akanawa. Ugali ukaletwa, mweupe kama pamba. Tonge la kwanza, njano. La pili, njano. Mzee Semboja akazipapasa ndevu zake.

"Babu, ndevu!" akapiga kelele Shebughe.

"Zina nini?"

"Zimeiva!"

"Nani kanipaka?"

"Mimi sijakugusa."

"Wala mimi."

"Wala mimi," akasema Mhina, "nimekaa huku mbali!"

Wakatazamana kama watu walioamshwa ghafla. Mhina akatazama viganja vyake. Akatazama viganja vya wenzake. Akatazama beseni. Sauti ikamtoka polepole.

"Manjano haya yametoka miguuni mwa Mboni. Nimemsafisha, nimemsugua, nimekuja. Nimenawa humu. Nanyi mmenawa humu."

Kilua akatema tonge. "Kwa hiyo mimi juzi, nilipotoka kumsafisha mke wangu..."

Mhina akalinyanyua beseni.

"Weka chini!" Mzee akasimama. "Unamwaga baraka zangu?"

Mhina akalishikilia. Akiyamwaga maji, amemtukana mzee. Akiyaacha, wanakufa.

"Babu, baraka yako kwa nini ilale humu tuichafue kwa vidole vyetu? Shika birika. Tumiminie wewe mwenyewe, mmoja mmoja, itoke mkononi mwako ikiwa mpya. Haya machafu yaende shimoni."

Mzee Semboja akafikiri. Akanyoosha mgongo. "Hata mimi," akasema, "hilo nilikuwa karibu kulisema."

Akashika birika. Wakanawa kwa sabuni, maji yakimiminika. Tangu siku hiyo hata maji ya kisima waliyachemsha, maana sasa kila kitu walikishuku. Habari ya kumtoa Mboni hakuna aliyeirudia.

Mke wa Kilua hakupona. Watoto wa Shebughe walipona. Mto ulipopungua, Mboni alibebwa hadi zahanati ya ng'ambo, akarudi baada ya siku nyingi, mwembamba, kwa miguu yake.

Mhina akamwekea uji. Akakaa mbali naye kidogo.

"Mbona hunitazami?" akauliza Mboni.

"Nilisimama na mkuki nikiangalia barabara," akasema Mhina. "Kumbe huenda mimi ndiye niliyekuletea."

Mboni akavivuta viganja vya mumewe. Akavigeuza, akavitazama kwa muda mrefu.

"Umenawa?"

"Nimenawa."

"Basi nilishe."

Ngano yangu nimeimimina yote, chombo kitupu.
— Tumeikinga!
Na iliyomwagika?
— Ardhi imekunywa!