Mlima Mkubwa Uko Mbele

"Masikio yamewaka?"

"Yanaunguruma!"

"Mafuta yamo?"

"Tele!"

"Na breki?"

"Tutazijulia mbele!"

Basi kaeni vizuri. Na mtu asiniulize haya nimeyatoa wapi. Niliyaona mwenyewe, kwa macho yangu haya mawili, toka mwanzo mpaka mwisho. Wengine waliokuwapo wamekwisha kufa au wamehama, kwa hiyo mtanitegemea mimi tu.

Zamani, pikipiki zikiwa bado kitu kigeni, Fisi alijipatia moja. Siku hiyo akaiendesha mpaka kwa Kobe, akamkuta amekaa na rafiki yake Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, asiye na mkia.

"Wadogo zangu," Fisi akasema, "twendeni tukavuke milima. Safari ya marafiki!"

Kobe alifurahi mpaka shingo ikatoka yote. Ng'ambo ya milima alikuwa na dada yake, hawajaonana tangu utotoni, maana kwa miguu ile angefia njiani. "Pimbi, ndugu yangu, nisindikize," akasema. Pimbi akakubali.

Wakapanda watatu, mtindo wa mshikaki: Fisi mbele, Kobe katikati, Pimbi nyuma. Tu-tu-tu-tu-tu! Bondeni mambo yalikwenda vizuri. Lakini barabara ilipoanza kujikunja na hewa kuwa nyepesi, pikipiki ikakohoa. Ng'oo... ng'oo... ng'oo...

"Shukeni msukume!" Fisi akaamuru.

Pimbi akashuka, akasukuma. Kobe akashuka, akasukuma, ingawa ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akivutwa. Fisi hakushuka.

Walipopumzika kidogo, Pimbi akachungulia mfuko wa safari. Mlikuwa na chumvi na ndimu. Basi.

"Kaka Fisi, mbona chakula hakimo?"

"Kipo, mdogo wangu." Fisi akacheka, hii-hii-hii! "Tunakwenda nacho. Tutakula tukifika juu kabisa, kazi ya kusukuma ikiisha."

Pimbi akaelewa. Kando ya barabara kulikuwa na mawe, na kwenye mawe kulikuwa na ufa. Mruko mmoja tu, fyuu! Fisi asingemwona tena. Akautazama ule ufa. Akamtazama Kobe. Kobe hawezi kuruka. Kobe alikuwa amechuma jani, anafuta vumbi kwenye gamba lake.

"Pimbi, unadhani dada atanitambua?"

"Atakutambua," Pimbi akasema, akarudi kwenye kiti.

Ng'oo... ng'oo... Wakasukuma, wakasukuma, wakafika kileleni. Fisi akazima injini, akafungua chumvi.

"Haya, tumefika juu. Tule."

"Juu?" Pimbi akashangaa. "Kaka, hiki ni kisigino tu! Mlima mkubwa uko mbele. Utasukumwa na nani?"

Fisi akatazama mbele. Ukungu mtupu. Hakuwahi kupita huku, na Pimbi ni mtu wa milima. Akafunga chumvi. "Pandeni."

Wakateremka kidogo, wakapanda tena. Ng'oo... ng'oo... Kilele cha pili. Fisi akafungua chumvi.

"Haya, tumefika juu. Tule."

"Kaka, hili ni goti! Mlima mkubwa uko mbele. Utasukumwa na nani?"

Fisi akafunga chumvi. Mara upepo ukasukuma mawingu nyuma yao, na nchi yote waliyotoka ikaonekana, ndogo, ya kijani, mito kama nyuzi. Pimbi akawaza: tumetoka pamoja, tumechafuka vumbi moja, tunatazama kitu kimoja. Angekuwa ameshiba, huyu, tungekuwa marafiki kweli. Wazo lile likamhuzunisha kuliko meno ya Fisi.

Mawingu yakajifunga. Wakasukuma. Kilele cha tatu. Safari hii Fisi alifungua chumvi akakata na ndimu pia.

"Mlima gani huu usioisha? Nadhani unanichezea, wewe kijitu."

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Naye alikuwa ameshaelewa.

Pimbi akalala chali barabarani. Moyo unamdunda, du-du-du, lakini sauti akaituliza. "Basi kula, kaka. Anza na mimi, nimechoka kusukuma. Ila ukikwama kule mbele na pikipiki yako mpya, usiniite. Nitakuwa tumboni."

Fisi akamtazama Pimbi. Akaitazama pikipiki. Akautazama ukungu. Mate yakamdondoka, do, do, do, yaliyobaki akayameza.

"Pandeni!"

Wakateremka. Wakateremka tena. Wakateremka mpaka masikio yakaziba, mpaka ukungu ukaisha, na mbele yao ghafla, soko! Soko la Nyati, mapembe kila upande, na mlangoni mgambo wawili vifua kama milango. Kwenye lango hilo hilo akasimama Kobe jike mzee, akapiga kelele: "Jamani, si mdogo wangu huyu!"

Fisi akafunga breki, kriii! "Pimbi! Uko wapi huo mlima mkubwa?"

"Geuka, kaka. Ule pale. Na upande huu ni mkali zaidi."

Fisi akageuka. Mlima ulikuwa umesimama wima mpaka mawinguni, kati yake yeye na kwao. Akawaomba wapita njia wamsukume. Wakaona ile chumvi, wakacheka, wakapita. Akaondoka peke yake, anasukuma, puh! puh! puh! Mgongo ukalegea nyuma, haujanyooka mpaka leo. Alipofika kileleni akakaa chini, akaitazama nchi yake kule mbali, akasema, "Pazuri." Hakuna aliyemjibu.

Funzo, wanangu: msiseme uongo. Tazameni ulimfikisha wapi Pimbi: sokoni, mzima, anatafuna hindi la kuchoma, na rafiki yake kando anakumbatiwa na dada. Msiige.

Hadithi yangu nimeiegesha hapa. Anayeitaka aipige teke, itawaka.

Ila moja nikiri. Lile neno "Pazuri" nimelitia mwenyewe. Mimi nilibaki sokoni na hindi langu, ningemsikiaje? Lakini nimepita mara nyingi pale juu peke yangu, na sijaona neno lingine ambalo angelisema.