Mstari wa Daftarini

Ndugu zangu, mnazikumbuka zile kompyuta zenye kisogo, tulizozifunika kwa vitambaa vya kufuma zisiingie vumbi? Mimi nazikumbuka, na siku zile nazililia.

Wakati huo kulikuwa na mama mmoja, fundi, aliyetunza kompyuta ya zahanati. Ndani yake mlikuwa na faili ambalo programu nyingine huazima kazi yake. Mafundi huliita maktaba. Hilo ndilo lililopiga hesabu ya dawa za watoto. Siku ya kwanza, yeye na fundi mwenzake wa zahanati ya jirani, iliyowekewa faili hilo hilo, waliiamuru kompyuta ilisome faili lote, ikawapa mstari wa herufi na tarakimu, mrefu kama foleni ya kliniki. Mmoja akasoma, mwingine akaandika daftarini, huku wanacheka. Jina la faili haliaminiki, hubaki lile lile hata ndani kukivurugika. Lakini ikiguswa nukta moja tu, mstari wote hugeuka.

Miaka ikapita. Siku moja yule mwenzake akaja mbio na faili lake kwenye disketi. "Dada, mtoto wa kilo kumi kwangu anapewa kijiko kimoja, kwako viwili. Kuna nini?"

"Basi, faili lako limeharibika. Lete nilipime."

"Unanipima mimi? Tulioandika pamoja?"

"Wewe nakujua. Faili silijui."

Akafungua daftari, karatasi zimekuwa manjano. Akaiamuru kompyuta ilisome lile la disketi, akalinganisha mstari wake na wa daftarini herufi kwa herufi. Ukalingana wote.

Mwenzake akauliza polepole, "Na la kwako, dada, ulilipima lini?"

Mama wa watu akaigeukia kompyuta yake. Alipima kila faili lililopita mlangoni, la kwake hajawahi. Akalipima. Herufi ya kwanza tu, siyo! Akatoka mbio akiita, "Wauguzi, simamisheni dawa!"

Na sisi je? Jina lile lile la ubatizo, benchi lile lile, wimbo ule ule. Nani humu hajampima jirani yake wiki hii? Lakini siku ile ulipotoka majini unatetemeka kwa baridi na furaha, uliahidi nini? Umekumbuka? Mimi nilikumbuka jana, nikaona aibu.

Leo ukifika nyumbani, lifungue daftari lako la siku ile. Herufi ya kwanza isipolingana, usilifunge. Kuna watoto wanaokunywa kutoka mkononi mwako.